Maswali na Majibu: Leta na ujuzi wa walio nje

Barua za safari hii zimetoka zaidi Lubumbashi, na moja Bukavu. Karibu zote zinahusu jambo moja: watoto wetu walio Mputu (Ulaya), Zambia na Afrika Kusini, kazi wanazozijua, na namna Leta, yaani serikali, inavyoweza kuzifahamu na kuzitumia. Tumezifupisha, na zilizofanana tumezijibu pamoja.

Wahariri, kila baada ya muda tunasikia kwamba Leta inataka kujua Wakongomani walio nje wanajua kazi gani. Watawahesabu vipi, na sisi tulio hapa hatujahesabiwa tangu 1984?
*Mwalimu, Kamalondo*

Mwalimu, ni kweli sensa yetu ya mwisho ni ya 1984. Lakini walio nje hatuwahesabu kwa sensa yetu, tunawahesabu kwa sensa za wenyeji wao. Ubelgiji, Ufaransa na Kanada zinajua wakaaji wao walizaliwa wapi, wamesoma mpaka wapi na wanafanya kazi gani. OCDE, shirika la nchi tajiri, hukusanya takwimu hizo katika hazina yake iitwayo DIOC: watu wa miaka 15 na zaidi, kwa nchi ya kuzaliwa, kwa ngazi tatu za elimu. Kazi ya kwanza ya ofisi inayotaka kuchora ramani ya ujuzi ni kuifungua hazina hiyo, na haigharimu hata tiketi moja ya ndege.

Humo kuna mitego. Ukihesabu kwa uraia utawapoteza wote waliochukua paspoti ya Ubelgiji, na mara nyingi hao ndio wenye kazi nzuri. Ukihesabu kwa nchi ya kuzaliwa utawapata hao, ila utawapoteza watoto wao waliozaliwa Liège au Montréal. Kuna pia orodha ambamo Kongo mbili zimechanganywa, na nyingine ambamo waliofika kabla ya 1997 bado wameandikwa Zaire, kwenye mstari wa peke yao. Karani asiyelijua hilo hutoa jumla pungufu na kuipeleka kwa waziri.

Kwa mtu wa Lubumbashi kosa lililo kubwa zaidi ni jingine. Wakongomani wengi walio nje hawako Ulaya, wako Afrika hii hii. Wahandisi na mafundi waliotoka Gécamines, kampuni ya migodi ya Leta, wakati ilipoanguka walivuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Copperbelt, eneo la migodi la Zambia, au wakateremka mpaka Johannesburg. Zambia na Afrika Kusini si wanachama wa OCDE, kwa hiyo ramani iliyochorwa kwa takwimu zake peke yake itawaona madaktari wa Bruxelles na kuwakosa watu wa migodi. Lazima ziombwe takwimu za Lusaka na Pretoria, na lazima watu watumwe Kitwe na Chingola.

Baada ya takwimu huja madaftari ya kazi zenye baraza. Baraza la madaktari la Uingereza, kwa mfano, hutangaza idadi ya madaktari wake kwa nchi walikosomea. Daftari la ubalozi ni la mwisho kwa uzito, ingawa ndilo ambalo maofisa hulikimbilia kwanza. Wanaojiandikisha ubalozini ni wale wenye haja na ubalozi: paspoti, cheti cha kuzaliwa, maiti ya kusafirisha. Asiye na haja haendi, na mwenye hofu haendi kabisa.

Kisha dodoso. Hupitishwa kwa waliosoma pamoja UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), kwa makanisa, kwa vyama vya watu wa mkoa mmoja, na kila anayelijaza huombwa awapelekee wengine watatu au wanne. Njia hiyo ni halali, bali ina sharti: sampuli yake si ya bahati nasibu. Ikiwa watu 600 wamejibu na 90 ni wauguzi, huwezi kusema kwamba asilimia 15 ya diaspora yetu ni wauguzi. Huenda dodoso liliingia tu katika kundi la simu la wauguzi. Unachoweza kusema ni kwamba una wauguzi 90 wenye majina.

Ubora wa dodoso unapimwa kwa swali moja, ambalo kwa kweli ni mawili: ulisomea nini, na sasa unafanya kazi gani. Yakiunganishwa, data yote huharibika. Nchi nyingi hutumia mpangilio wa kimataifa wa kazi, CITP-08, wenye makundi 436 ya tarakimu nne. Muuguzi ni 2221. Msaidizi wa kuhudumia wagonjwa ni 5321. Muuguzi wetu ambaye bado anangoja ekivalansi (kutambuliwa rasmi) ya diploma yake huenda anafanya kazi ya 5321. Ukiuliza kazi ya sasa tu, umempoteza muuguzi. Ukiuliza diploma tu, utamwalika kwenye tanuru mhandisi wa madini (2146) ambaye kwa miaka 20 anaendesha lori Gauteng, Afrika Kusini. Ndiyo maana kuna swali la tatu: ni mwaka gani uliifanya kazi hiyo kwa mara ya mwisho?

Hata tarakimu nne hazitoshi kila mara. Namba 2212 ina madaktari bingwa wote, anayelaza wagonjwa usingizi wa operesheni pamoja na wa ngozi, na hospitali yenye haja na wa kwanza haisaidiwi na wa pili. Uachwe mstari mmoja mtupu ambapo mtu ataandika kwa maneno yake anachokijua. Na kuhusu diploma za kwetu, iulizwe idadi ya miaka. "Licence" ya mfumo wa zamani ni miaka mitano: mitatu ya graduat (diploma ya kwanza ya chuo) na miwili juu yake. "Licence" ya LMD, mfumo mpya, ni mitatu. Neno ni lile lile, na kompyuta haitajua tofauti.

Mwisho, dodoso lisipite dakika 10 au 12 kwenye simu, na lisiulize "Je, ungependa kuisaidia nchi yako?" Kila mtu atajibu ndiyo, na jibu hilo halina kazi. Liulize: siku ngapi kwa mwaka, mwezi gani, kwa kuja au ukiwa huko huko, na nani atakuruhusu kutoka kazini.

Mtoto wangu alitoka hapa na diploma ya A1 ya uuguzi, yuko Ubelgiji. Wamemtumia karatasi ya maswali ya diaspora kwenye simu, wanataka adresi, namba ya paspoti na mikanda (karatasi) yake ya kukaa. Anaogopa. Ajaze?
*Mama, Katuba*

Mama, asijaze hivyo ilivyo. Anayetafuta ujuzi hana haja na namba ya paspoti wala hali ya karatasi za kukaa. Dodoso lililoandaliwa vizuri huuliza mji na nchi, kazi, masomo, muda alio nao, na anwani moja ya kumpata, ambayo yaweza kuwa ya barua pepe isiyo na jina lake kamili. Likiuliza zaidi ya hapo, ama aliyelitunga hajui kazi yake, ama ana kazi nyingine.

Kabla ya kujibu, aulize mambo manne: data zinakaa wapi na kwa nani, nani ataziona, zitafutwa lini, na namna ya kujiondoa. Kwa kuwa yuko Ulaya, anaweza kulindwa na RGPD, kanuni ya Ulaya ya kulinda data inayotumika tangu tarehe 25 Mei 2018. Aliye na data zake analazimika kumjibu kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja, na kumfuta akiomba, isipokuwa awe na sababu ya kisheria ya kuzihifadhi. Hapa kwetu pia sheria ya mambo ya dijitali, ordonnance-loi 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ina sehemu ya kulinda data za mtu.

Ikiwa kijana ni mkimbizi aliyetambuliwa, au bado anangoja jibu la hifadhi, awe na uangalifu zaidi. Mkataba wa Geneva wa 1951, kifungu 1C, unasema ukimbizi unaweza kukoma mtu akirudi kwa hiari yake chini ya ulinzi wa nchi yake. Kujaza dodoso si sawa na kuchukua paspoti mpya, lakini uhusiano wowote na ubalozi aufanye baada ya kumuuliza wakili wake. Akitaka kutoa ujuzi wake, apitie chama cha wauguzi au shule aliyosomea. Maofisa wanaotengeneza madodoso wangeokoa majibu mengi kama swali la karatasi lingetolewa kabisa; hofu ya mmoja huenea kwenye kundi lote la simu jioni ile ile.

Mjomba wangu anachomelea vyuma Afrika Kusini, fundi mkubwa, hana diploma hata moja. Watu kama yeye wanahesabiwa?
*Kijana wa Ruashi*

Wanapaswa kuhesabiwa: yeye ni CITP 7212. Ila programu nyingi huweka diploma ya chuo kikuu kama mlango wa kuingilia, na hapo mafundi wote hubaki nje, wakati migodi ya Kolwezi inatafuta mikono kama yake. Ushahidi wa fundi si diploma. Kwake huko kuna mtihani wa ufundi unaomalizika kwa cheti kiitwacho Red Seal, na aliyefanya kazi miaka ya kutosha bila shule anaweza kuomba kupimwa. Aliye Zambia anapimwa chini ya TEVETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi ya huko. Mjomba akipata cheti hicho, na karatasi mbili tatu za waajiri zinazotaja aina ya uchomeleaji, unene wa chuma na mkao (sakafuni, ukutani, juu ya kichwa), msimamizi yeyote wa karakana atamwelewa. Akirudi, INPP, taasisi ya Leta ya mafunzo ya kazi, ndiyo mahali pa kubisha hodi kama anataka kufundisha.

Je, kuna nchi iliyofaulu? Au yote ni mikutano ya hoteli?
*Msomaji, mtaa wa Golf*

Mikutano ya hoteli ipo. Zipo pia nchi zilizofanya kazi, na zilizoshindwa zinafundisha zaidi.

Afrika Kusini ilianzisha SANSA mwaka 1998, kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town: daftari la mtandaoni la wataalamu wake walio nje. Zaidi ya 2,000 walijiandikisha. Wakangoja. Hakukuwa na mtu wa kuwapelekea kazi maalumu, anwani zikazeeka, na mtandao ukalala. Kolombia ilikuwa imepitia huko na Red Caldas ya 1991: vikundi vya watafiti katika miji ya nje vilivyokuwa hai kwa muda, kisha serikali ikapunguza hela na hamu, vikazimika. Daftari la watu wanaohama kazi na nyumba huanza kuoza tangu siku ya kwanza. Lisiposahihishwa walau mara moja kwa mwaka, ni heri kulifunga kuliko kulidanganyia watu.

Ufilipino ina Balik Scientist, mpango ulioanza 1975 na kupewa sheria yake, namba 11035, mwaka 2018. Muda wa kukaa umeandikwa: mfupi ni kuanzia siku 15 hadi miezi 6, kisha kuna wa kati na mrefu. Siri yake ni kwamba lazima kuwe na taasisi mwenyeji yenye kazi mahsusi ya kumpa mgeni. Ufilipino pia huwaandikisha wahamiaji wake kabla hawajapanda ndege, na hiyo ni rahisi mara kumi kuliko kuwatafuta baadaye. Argentina ilifanya Raíces kuwa sera ya taifa kwa sheria 26.421 ya 2008, ili mpango usife na waziri. Tunisia, kupitia shirika lake la ushirikiano wa kiufundi lililoundwa 1972, huweka faili za wataalamu wanaotaka kufanya kazi nje, kwa hiyo Leta inawajua tangu mwanzo.

Kwetu sisi, jina linalokumbukwa ni MIDA Grands Lacs: OIM, shirika la kimataifa la wahamiaji, iliiendesha kuanzia 2001, Ubelgiji ikalipa, na watu wa Kongo, Rwanda na Burundi walio nje wakaja kwa vipindi vifupi katika afya, elimu na maendeleo ya vijijini. Kabla yake, PNUD, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ilikuwa imeanzisha TOKTEN huko Uturuki mwaka 1977, ambapo mtaalamu hupewa tiketi na posho ya kujikimu bila mshahara. Mipango hii imeacha fikra ya kumrudisha mtu moja kwa moja. Inakubali kwamba ana nyumba na watoto wa shule huko, na inamwomba majuma matatu. Udhaifu wake uko wazi: mfadhili akiondoka, orodha ya majina huondoka naye.

Tuna shule ya ufundi Kampemba, seksheni ya umeme. Tunajua wapo watoto wa shule hii wanaofanya kazi viwandani Ulaya. Tuwaombe nini, na kwa njia gani?
*Mkuu wa seksheni*

Hili ndilo swali ambalo wizara zote zingepaswa kuanza nalo. Orodha za walio tayari kutoa zipo nyingi; maombi yaliyoandikwa sawasawa ni haba.

Usiandike "tunaomba mtaalamu wa umeme". Andika ukurasa mmoja ambao mtu wa Charleroi, Ubelgiji, akiusoma kwenye treni atajua kama ni yeye au si yeye. Kwa mfano: walimu wanne wa seksheni wafundishwe kuprogramu otomati za viwandani (kompyuta ndogo zinazoongoza mashine), siku 10 za kazi, na mwishoni kuwe na mazoezi sita yaliyoandikwa ambayo wanafunzi watayafanya mwaka unaofuata. Taja otomati mliyonayo: mtengenezaji, modeli, toleo la programu, kama leseni bado inafanya kazi, kebo ya kuiunganisha na kompyuta ni ya aina gani na kama ipo. Piga picha ya bamba la mashine. Misheni nyingi hufia hapo: mgeni anafika na ujuzi wa mtengenezaji mwingine, au anakuta kila kitu isipokuwa kebo, na siku nne zinaishia kuitafuta mjini.

Umeme wenyewe uupangie hesabu, kwa sababu SNEL, shirika la umeme, haisomi ratiba yenu. Jenereta ya petroli ya kVA 5 hunywa kama lita 1.5 hadi 2 kwa saa. Kwa saa sita kwa siku, siku 10, ni lita 90 hadi 120. Ziandikeni kwenye bajeti mapema, pamoja na jina la mwenye funguo za karakana.

Halafu kalenda. Aliye Ulaya hupata likizo Julai na Agosti, au Krismasi, na wakati huo wanafunzi wako nyumbani. Mwezi wa Mei anaweza kuwakuta, lakini mwajiri wake hamruhusu, na ninyi mko kwenye maandalizi ya Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Msing'ang'anie wanafunzi. Mwombeni aje Agosti afundishe walimu, kabla ya shule kufunguliwa Septemba. Siku ya kwanza akague karakana tu. Siku mbili za mwisho walimu wenu wafundishe, yeye akae nyuma na kuandika makosa. Bila siku hizo mbili mtabaki na picha na vyeti.

Katika ombi liwepo jina la mwalimu mmoja atakayebaki na kazi hiyo, na la mwingine wa akiba. Tumesema wawili kwa sababu: mwalimu aliyejifunza otomati vizuri ataitwa na kampuni ya mgodi kabla ya mwaka kwisha, kwa mshahara ambao shule haiwezi kuulipa, na huwezi kumlaumu.

Gharama ziandikwe kila moja na mlipaji wake: tiketi, malazi, posho ya siku, bima inayolipia kumsafirisha akiugua, viza kama paspoti yake si ya Kongo. Kwa viza ataombwa barua ya mwaliko na ya kubeba gharama, iliyothibitishwa kisheria. Ianzeni miezi miwili kabla. Awe na karata ya chanjo ya homa ya manjano. Na akisema ana mashine za kuwaletea, shukuruni, kisha mwombeni asizipakie bado. Msamaha wa ushuru huombwa DGDA (forodha) kabla mzigo haujaondoka, pamoja na orodha, thamani na barua ya zawadi. Mzigo uliotangulia karatasi unakaa Kasumbalesa ukilipishwa maegesho, na zawadi inageuka deni.

Ombi likiwa tayari, mpelekee kwanza mtoto mmoja wa shule mnayemjua. Kisha vyama vya waliosoma kwenu, OIM na ubalozi. Kwa mpangilio huo, si kinyume chake.

Kwa nini daktari wa diaspora alipwe mara kumi ya yule aliyevumilia hapa?
*Muuguzi, Kenya (komini, si nchi)*

Hakuna sababu ya kutosha, na wagonjwa ndio huumia, maana aliyevumilia hapa hatashirikiana na mgeni. Mipango yenye akili hutenganisha mambo mawili: hulipa gharama za safari, ambazo ni halisi, na hailipi mshahara wa Ulaya. Mingine huweka kando sehemu ya bajeti kwa vifaa vya idara na kwa mwenzake wa hapa, naye mwenzake aende huko majuma machache. Mkiulizwa maoni hospitalini, dai hilo la mwisho. Huwa linakubaliwa likiombwa mapema, na halikumbukwi kamwe lisipoombwa.

Nina paspoti ya Ubelgiji, nilizaliwa Lubumbashi. Naweza kufanya kazi ya Leta nikirudi?
*Msomaji aliye likizoni*

Kazi ya kudumu ya Leta, hapana, ikiwa unataka kubaki na paspoti zote mbili. Kifungu cha 10 cha Katiba na sheria 04/024 ya tarehe 12 Novemba 2004 zinasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Aliyeuchukua mwingine amepoteza wa Kongo. Sheria 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016 inadai uraia wa Kongo kwa watumishi wa kudumu. Kuurudisha uraia kunawezekana kwa njia iliyoandikwa katika sheria hiyo ya 2004, ila hutaubeba pamoja na ule wa Ubelgiji.

Kufundisha kama profesa mgeni, kushauri kwa mkataba au kufanya misheni fupi, ndiyo, kama mtaalamu wa kigeni mwenye viza inayofaa. Ukiwa daktari, usimguse mgonjwa kabla ya ruhusa ya Ordre des médecins (baraza la madaktari), hata kwa siku tatu, hata bure. Diploma ya nje ipelekwe ESU (wizara ya elimu ya juu) kwa ekivalansi ikiwa unataka cheo cha chuo; peleka nakala zilizothibitishwa pamoja na orodha ya alama, kwa sababu diploma bila alama hurudishwa.

Nchi nyingine zimetatua jambo hili bila kugusa uraia. Ethiopia, ambayo nayo haikubali uraia pacha, ilitoa kuanzia 2002 karata ya watu wenye asili yake, na India ina karata ya OCI tangu 2005: unaingia bila viza, unafanya kazi, hupigi kura. Kwetu mjadala umebaki kwenye paspoti na umekwama huko kwa miaka, na wakati huo mwalimu wa hesabu anazuiliwa na viza ya siku chache.

Tuko Bukavu, hospitali ndogo. Safari kwetu ni ngumu. Daktari wetu aliye Montréal anaweza kutusaidia akiwa huko huko?
*Daktari mkaaji*

Anaweza, mradi msitegemee video. Video hula kama nusu gigabaiti hadi moja na nusu kwa saa, na itakatika katikati ya mgonjwa. Tumieni njia ya kutuma na kungoja: fomu moja ya mgonjwa yenye umri, dalili, vipimo, dawa alizopewa, na swali moja lililo wazi mwishoni. Si "maoni yako?", bali "tumpasue au tungoje?" Picha ya eksirei kutoka mashine ya dijitali ina megabaiti 10 hadi 30 na itapita usiku mtandao ukiwa mwepesi, skana ya mamia ya megabaiti haitapita, chagueni vipande vinavyohusika. Filamu ya kawaida piga picha juu ya kisanduku chake cha taa, chumba kikiwa giza, bila flashi.

Jina la mgonjwa litolewe. Wekeni namba, na daftari la kuoanisha namba na majina libaki kabatini kwenu. Picha zisiingie katika kundi la simu la jamaa na marafiki.

Mkubaliane saa. Bukavu iko mbele ya Montréal kwa saa 6 wakati wa kiangazi chao na 7 wakati wa baridi, kwa hiyo kesi iliyotumwa saa 12 jioni inamkuta mchana kazini, na jibu lake la usiku mtalisoma asubuhi kabla ya kuzunguka wodini. Wekeni idadi, tuseme kesi tatu kwa juma, na mtu wa pili wa kujibu akiwa likizoni. Na mwambieni kila baada ya mwezi mgonjwa yupi alipona na yupi hakupona. Anayejibu bila kupata habari huacha kujibu.